Mistari Mbili pa Kipaji ya Uso

Florentine wa Lubondja alikuwa na shingo yenye ungeweza kufungia ngombe. Si kumucheka, hapana. Au basi, kidogo. Lakini mu ile miaka ya vita, kati ya Lubondja na Baraka hakukuwa mwanamuke mwengine wa kubeba kitunga ya mawese tangu alfajiri, kushuka nayo milima, kuvuka nayo mito, kufika ku soko na bado kubakia na nguvu ya kugombana. Bale banaume ba Lubondja benye banajisifu ati balishikaka mamba na mikono mitupu, ukibaonyesha tu ile kitunga, banaanza kuuliza kama njia iko mbali.

Kitunga ilikuwa inakaa pa mugongo. Kamba yake, pana sawa vidole bitatu, ya magome ya muti yenye kusukwa, ilikuwa inapita chini ya kitunga, inapanda na mabega, inakuja kulala pa kipaji ya uso. Kichwa njo inavuta, mugongo inafata tu. Miaka makumi mbili ya ile kamba ilikuwa imemuchimbia mufereji pa kipaji. Mvua ikinyesha, batu balisema, mayi inafata ule mufereji na kutokea pa masikio, macho inabaki mikavu. Bwana yake Isidore, mulimaji wa mihogo, alikuwa anamusifu sana mbele ya batu, juu ku nyumba alikuwa anamuogopa.

Kintu ya pili yenye batu balimujulia ni kutoamini. Florentine alisikia jogoo inawika, anauliza nani ameituma. Kanisani, padri akisema amani ikuwe na nyinyi, alikuwa anaitika vizuri kabisa, mukono moja ikishika mufuko yake. Ku dispanseri banamupa kidonge, anamuangalia infirmier mu macho: "Meza moja kwanza." Na infirmier alimeza! Si mara moja.

Batu bakacheka, bakacheka, mpaka vita ikafika, mwaka ya makumi tisa na sita, na kisha ingine ikaja juu yake mbele ile ya kwanza ipanguse mudomo. Hapo bale benye banaamini mbio njo balikuwa ba kwanza kupotea. Balisikia "mukuje kwa mukutano", bakaenda. Balisikia "mutoke, tuko bandugu", bakatoka. Florentine akabaki mu mihogo, amelala na tumbo, anasema na moyo: ndugu gani anaita ndugu yake na filimbi?

Mbele ya vita alikuwa anapandaka mpaka Bibokoboko na chumvi, bachungaji ba kule banamupa siagi na maziwa, banamuuliza habari ya batoto. Sasa ile njia ilikuwa imeota majani. Kila muntu alianza kupima pua ya mwenzake na macho, kujua kabila yake. Njia yenye ilibaki ni ya kushuka Baraka tu, na yenyewe ilikuwa na barieri nyingi za bapiganaji kuliko mito.

Ku Baraka alikuwa na rafiki moja, Siti, mujane wa mwenye mashua, wa bale Baislamu ba ku kando ya ziwa, benye babu zao balifika na misafara ya zamani. Siti aliuzisha chumvi na ndagala, samaki ndogo ndogo za ziwa. Balikuwa barafiki miaka kumi na mbili, na mu ile miaka kumi na mbili hakuna hata siku yenye moja kati yao aliamini mwengine. Siti alikuwa anatia kidole mu mawese kuangalia kama hakuna mayi. Florentine alikuwa anachimba chini ya ndagala kuangalia kama hakuna muchanga. Kisha banakaa chini na kunywa chai pamoja. Urafiki ya namna ile haivunjike, juu haina pa kupasukia.

Basi siku moja ya mwaka makumi tisa na tisa, wakati ya mvua, Florentine alikuta nyumba ya Siti tupu. Mikeka imekunjwa. Sufuria zimefungwa mu shuka.

"Unaenda wapi, Mama Siti?"

"Ngambo. Kigoma. Mashua inatoka leo. Banasema vita inarudi huku na nguvu yote."

"Nani anasema?"

"Mama Willy, kwa leo tu, niachilie ile maulizo yako." Siti alimuita vile juu ya mutoto wa kwanza wa Florentine, Willy. Akaingia chumbani, akarudi na kadre ya mbao. Akapiga kioo na kisigino ya kisu, akaokota vipande kimoja kimoja, akatoa mule karatasi moja, ndogo, rangi ya chai. "Hii haiwezi kuvuka ziwa. Mawimbi itailowanisha. Chukua, weka kwako ku milima mpaka nirudi."

Florentine hakunyoosha mukono. "Ni nini?"

"Ni mbabu! Umeikuta pa ukuta yangu miaka yote, unauliza ni nini?"

Kweli alikuwa anaiona, lakini nyuma ya kioo yenye moshi, uso tu, kama muntu anachungulia mu ukungu. Na kila mara Siti alikuwa anamuelezea ile ile: mbabu yao mukubwa, Useni, muntu wa kuogopesha, kilemba pa kichwa. Muzungu moja wa zamani sana, mwenye alikuwa anapita na musafara, alimukuta ameketi. Akatoa kreyo kumuchora. Useni akamukazia macho. Muzungu mikono ikatetemeka, akachora mbio mbio, mistari kidogo tu, akakimbia. Njo maana hakumaliza hata mabega.

"Muzungu alikimbia?" Florentine alikuwa anauliza kila mara.

"Alikimbia."

"Na karatasi akaachia muntu mwenye alikuwa anamukimbia?"

Siti alikuwa anamuongezea chai kwa nguvu, habari inaishia pale.

Leo hakukuwa chai. Siti aliweka karatasi kati ya makartoni mbili, akafunga na kitambaa, akaiweka mwenyewe mu kitunga juu ya chumvi. Macho yake yalikuwa yamelowana. "Kama utaipoteza, Mama Willy, usikuje hata kwa mazishi yangu."

"Nani atakuwa ameniita?" Florentine akajibu, juu kulia hakutaka. Akainama, Siti akamutwika kitunga, bakaachana vile.

*

Barieri ya mwisho mbele ya kupanda milima ilikuwa kamba ya nailoni yenye kufungwa majani ya mangazi, ile miti ya mawese. Pale alikuwa anakaa mupiganaji moja, Anatole. Anatole hakuwa na cheo kubwa, lakini alikuwa na kazi ya kujua siri, na muntu akipewa kazi ya kujua siri lazima aipate, hata kama haiko. Juma moja mbele alikuta muntu na karatasi ya majina. Yule muntu alisema ni majina ya koralé, baimbaji ba kanisa. Balimupeleka nyuma ya soko ya zamani. Yenye ilirudi ni viatu yake tu, mu miguu ya mwengine. Baraka yote ilijua ile habari. Florentine pia.

"Mama, shusha."

Akashusha. Anatole akaingiza mukono mu kitunga, akatoa ndagala, akatoa sabuni, akatoa makartoni. Akafungua. Uso yake ikabadilika sawa muntu amekuta nyoka mu kofia.

"Hii ni nani?"

"Mbabu ya batu. Bamenipa nibachungie."

"Mbabu." Anatole akaangalia karatasi, akaangalia nyuma yake kwenye nyumba ya udongo yenye komanda alikuwa analala, akaangalia karatasi tena. Akaita bapiganaji babili, na sauti ya chini: "Mukuje muone. Musiguse. Ni nani huyu?"

Moja akasema: "Ee, mama yangu!"

Mwengine akasema: "Njo yeye kabisa."

Maana komanda wao, Wilfried, juma mbili mbele, risasi ilimupaka pa kichwa kule Swima. Haikuingia, ilimulamba tu. Tangu siku ile alikuwa anatembea na kitambaa nyeupe ya dispanseri yenye kumuzunguka kipaji. Na mu ile karatasi, uso mwembamba, macho makali, pa kipaji mistari mbili zenye kufatana kutoka sikio mpaka sikio. Kitambaa. Nani asingeona kitambaa?

Anatole akamugeukia Florentine pole pole, na furaha yenye kutisha. "Mama, unapeleka sura ya komanda yetu kwa nani?"

Florentine hakubadilisha uso. Alisema tu: "Mi napeleka chumvi Lubondja."

"Utasema yote. Mumuite komanda."

Wilfried akatoka, kitambaa yake pa kichwa, macho mekundu. Alikuwa kijana wa miaka makumi tatu, alifundishaka mu masomo ya primaire mbele ya vita, na tabia ya mwalimu haikumutoka: alikuwa anaangalia kila muntu sawa muntu mwenye hakufanya kazi ya nyumbani. Akapokea karatasi. Akaiangalia wakati murefu. Akagusa kitambaa yake.

"Elezea," akamuambia Anatole.

"Komanda, kwanza angalia vile ilichorwa mbio. Mustari hapa, mustari hapa, basi. Fundi wa picha mwenye hana woga anakaa, anatia nywele, anatia vifungo ya shati. Huyu alikuwa anajificha. Amekuona unapita, amechora nyuma ya muti, amekimbia."

"Mm."

"Pili, hapa chini. Namba. Moja, nane, saba, sita. Ni hesabu ya bapiganaji. Bametuhesabu."

"Tuko mia na makumi mbili, Anatole."

"Basi bameongeza, kusudi batumiwe silaha mingi."

"Inaweza kuwa mwaka."

"Mwaka inaandikwa na nani, komanda? Na muntu yeyote! Hata mi leo naweza kuandika mwaka yenye nataka. Na hii rangi ya chai, ni chai. Bameitia mu chai ionekane ya zamani."

Wilfried akanusa karatasi. Kisha akamuangalia Anatole kwa pembeni. "We unajua vizuri sana vile bapelelezi banachoraka."

Anatole akatoa kidole pa karatasi. Hapo pa barieri mashaka ilikuwa kama upele: ukimukuna mwenzako, inakurudilia.

"Mama," Wilfried akasema, "uko na mara moja ya kusema kweli. Ni nani huyu?"

Florentine akatoa yenye alikuwa nayo, ile ya Siti. Useni, mbabu mukubwa, kilemba, Muzungu mwenye alitetemeka. Akiisema aliisikia vile inavuja pande zote, sawa ndoo ya mukopo.

"Kilemba iko na mikunjo," Wilfried akasema. "Hii haina mukunjo hata moja. Na hii familia ya Useni, iko wapi tuiulize?"

"Bameenda ngambo."

"Lini?"

"Leo."

"Leo!" Anatole akaruka. "Sura inatoka mu mikono ya batu ba ngambo, siku ile ile yenye bametoroka! Komanda, wakati unapotea. Nyuma ya soko."

Moja wa bapiganaji tayari alikuwa anamuangalia Florentine ku miguu. Alikuwa amevaa kandambili ya plastiki, moja ya kijani moja ya buluu, na yule kijana alionekana amehuzunika.

Florentine akasema: "Komanda, kama nakufa juu ya karatasi, wacha niione kwanza. Miaka yote niliiona nyuma ya moshi."

"Unataka kuipasua," Anatole akasema.

"Ishike wewe mwenyewe. Uko na mikono."

Wilfried akaishika yeye, akaielekeza ku jua, na Florentine akasogea mpaka pumzi yake ikagusa ile karatasi. Hakuangalia uso. Miaka yote batu baliangalia uso. Yeye alianza na chini, sawa vile anaanzaka na chini ya ndagala.

Aliona shingo. Mishipa mbili imesimama sawa kamba ya mashua. Aliona nyuma ya shingo mustari moja ya muviringo, yenye Siti alikuwa anaita joho ya Useni. Joho gani inasimama yenyewe hewani? Aliona chini yake mustari fupi, wima, peke yake, yenye hakuna hata muntu alikuwa ameielezea. Kisha akaona pa sikio kintu kidogo, yenye mutu angesema ni herini, ama Muzungu alikosea. Haikuwa herini. Ilikuwa kidole gumba, imeingizwa chini ya ile mistari ya pa kipaji.

Florentine akacheka. Si kidogo. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Bapiganaji bakarudi nyuma. Mama mwenye anacheka pa ile barieri, ama iko wazimu ama iko na dawa.

"Unacheka nini?" Wilfried akauliza, na mukono yake ilikuwa imeenda ku bunduki.

"Nacheka banaume. Nisamehe, komanda. Baislamu baliona kilemba, nyinyi munaona kitambaa ya dispanseri. Kila mutu anavalisha huyu muntu kofia yake. Hakuna hata mwanaume moja alishabeba kitunga?" Akajipiga pa ule mufereji wa pa uso yake. "Hii njo nini? Risasi ya Swima? Angalia! Ni kamba. Huyu muntu iko na muzigo pa mugongo."

Bapiganaji bakasogea kuangalia.

"Kile kidole," akaendelea, "ni ya kupumuzisha kichwa. Kamba ikianza kukula nyama, unaingiza gumba kando ya sikio, unainyanyua kidogo, unasikia Mungu. Ile joho si joho, ni mudomo ya kitunga. Na ile fimbo ya chini ni fimbo. Unaisimika chini ya muzigo ikubebee wakati unapumua. Mutu mukubwa gani anapigwa picha na fimbo chini ya matako?"

Moja wa bapiganaji akapasuka na kicheko, akajificha nyuma ya mwenzake.

Anatole hakucheka. "Amefikiri ile sasa hivi. Muulize hii, komanda: kama ni mubebaji tu, juu ya nini ilichorwa mbio? Mubebaji hana haraka. Muzungu hana haraka. Nani alikuwa anafukuza nani?"

Wilfried akageuka. "Jibu, mama. Hiyo njo yenye inaniuma na mi pia. Juu ya nini mbio?"

Ile swali, benye balimaliza masomo yote bangeikalia siku mbili. Florentine alimuangalia komanda na huruma kidogo.

"Juu hakushusha, komanda. Muzigo muzito haushushwake kwa kupumua. Ukishusha, nani atakutwika tena? Unasimama tu, fimbo chini, unavuta pumzi kumi, kumi na tano, unaenda. Muzungu alikuwa na ile pumzi kumi na tano tu. Mabega haikuisha juu mabega iliondoka."

"Maneno," Anatole akasema.

"Maneno iko pale chini," Florentine akajibu, akionyesha kitunga. "Beba."

"Mi?"

"Ama uko unaogopa chumvi, shefu?"

Wilfried akamuangalia Anatole. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, pembe moja ya mudomo yake ilisogea. Akatoa bik mu mufuko, akapasua pakiti ya sigara na kuigeuza upande mweupe. "Mimi nilikuwa nafundisha batoto kuchora. Kama mama anasema uongo, nitakuwa na wakati ya kukuchora mpaka vifungo ya shati. Beba, Anatole."

Anatole angeweza kukataa? Bapiganaji babili bakanyanyua kitunga, Florentine mwenyewe akamuwekea kamba pa kipaji na kumusimikia fimbo nyuma, akamuambia pole, usinyooshe shingo, inama. Wakaachilia.

"Ayiii!"

"Simama vizuri," Wilfried akasema, bik tayari imeanza. "Usitikisike."

"Komanda, fanya mbio."

"Niko pa kidevu."

"Komanda, hii kamba inakata!"

"Ingiza gumba," Florentine akamushauri. Na gumba ikaenda yenyewe, pale pale kando ya sikio, hata mbele amalize kusema.

"Niko pa pua. Anatole, usiangalie chini, niangalie."

"Kuangalia juu haiwezekane! Shingo haitake!" Macho tu njo iliweza kupanda. Ilipanda kutoka chini ya nyusi, nyeupe mingi, ya kutisha, sawa muntu mwenye anataka kuua. Bapiganaji bakaona ile macho, bakaangalia karatasi, bakaangaliana.

"Maliza, komanda! Maliza, nitaanguka!"

"Sijafika hata pa mabega."

Anatole akaanguka. Alianguka na magoti kwanza, kisha na heshima yake yote, na ndagala ikamwangika.

Wilfried hakumuangalia. Alishika pakiti ya sigara kando ya karatasi ya zamani. Mistari kidogo tu, mbio mbio. Shingo mishipa mbili. Mabega hakuna. Mistari mbili pa kipaji kutoka sikio mpaka sikio, na chini yake macho ya muntu wa kuogopesha. Akawaonyesha bote.

"Muangalie. Sasa na Anatole amekuwa miye."

Pale hata yule kijana wa viatu alicheka mpaka akakaa chini. Wilfried akacheka pia, kisha akaacha, juu kicheko ilimuuma pa kidonda. Akaangalia tena ile ya zamani, karibu, sawa mwalimu mwenye amekuta jibu ya kweli mu kaye ya mutoto mwenye hakutegemea.

"Iko mwanaume ama mwanamuke?"

"Sijue, komanda. Muzigo inafananisha batu."

"Na nani alimutwika?"

Ule musafara ulikuwa wa babu za Siti, ama wa Muzungu, ama wa bote. Batu ba milima balibebeshwaka miaka ile na hawakurudi, ile kila nyumba ya Lubondja inaijua. Kusema ile pa barieri, mbele ya batu benye banatafuta wa kuchukia, ilikuwa sawa kutupa moto mu majani.

"Ile haikuchorwa," Florentine akasema.

Wilfried akafunga karatasi mu makartoni, akamurudishia. Ile ya pakiti ya sigara akaitia mu mufuko yake. "Enda, mama. Na ukikutana na barieri ingine, usianze na ile ya kilemba. Ni uongo mubaya."

Mwengine angekimbia. Florentine alipiga magoti, akaokota ndagala moja moja. Akafungua chumvi, akaiangalia. Akatia mukono ndani mpaka pa kiwiko.

"Inapunguka," akasema.

"Mama, enda!" Wilfried akasema.

"Ninaenda, komanda. Lakini ilikuwa inafika pa hii nundu ya mufuko. Na shefu iko na kitu yenye inavimba mu suruali, upande wa kuume."

Anatole, bado na alama nyekundu ya kamba pa kipaji yake, akaangalia mbingu. Kisha akatoa mukono moja ya chumvi, akairudisha. Florentine akangoja. Akatoa na ya upande wa kushoto. Njo hapo akageuka, akawapa mugongo.

"Munitwike."

Ni Anatole njo alimutwika.

*

Njia ya kupanda ni ndefu. Pa kona ya tatu akasimika fimbo, akasimama. Hakushusha. Akatoa kartoni na mukono moja, akaifungua mbele ya macho.

Siti aliona mukali. Anatole aliona adui. Yeye alikuwa ameona mubebaji, na alijisifia sana, lakini sasa, na kamba pa kipaji na pumzi yake ikipiga, aliona kintu kingine. Ile macho ya kutoka chini haikuwa ya hasira. Alikuwa anaijua, juu saa mbili mbele alikuwa amemuangalia nayo Anatole. Ni macho ya muntu mwenye anaona mugeni anatoa karatasi, anamuangalia, anaandika, hamuambie nini. Unaandika nini juu yangu? Unaipeleka kwa nani?

"Na weye hukuamini," Florentine akamuambia. "Vizuri."

Pumzi kumi na tano ikaisha. Akaficha karatasi, akaendelea.

Alifika Lubondja jua ikiwa bado juu ya miti. Isidore alikuwa ameshasikia, juu habari ya barieri inapanda milima bila muzigo. Alikuja anakimbia na mikono yake yote mbele.

"Banasema bamekukamata! Banasema ulipeleka sura ya komanda! Florentine, ile sura ni ya nani?"

Siti angerudi siku moja kutoka ngambo na kuomba mbabu yake na kilemba yake, na Florentine hakujua bado kama atamupa Useni ama atamupa yule mubebaji. Zaidi, hakujua kama Siti, muntu wa kutia kidole mu mawese, hakuwa anajua tangu zamani.

"Isidore," akasema, "unasimama mbele yangu na mikono mitupu, unauliza maulizo. Nishushe kwanza."